Mazoezi ya Jasiri: kutoka wiki ya 9 hadi miezi 6 na nusu

Wiki ya 9
Mtoto wangu wa mbwa, Jasiri, amefika. Mama yake ana kilo 34, kwa hiyo naye atakuwa mkubwa. Chanjo bado, na kirusi cha parvo, kinacholeta ugonjwa hatari wa kuhara kwa watoto wa mbwa, hukaa ardhini muda mrefu, hivyo hakanyagi mahali wanapopita mbwa wengine. Namtoa nje nimembeba, dakika kumi kumi, aone pikipiki, miavuli na watoto wanaokimbia. Kipindi cha kumzoesha dunia hufungika karibu na wiki ya 14, hakingoji chanjo.

Wiki ya 11
Kila jioni anachachamaa. Anazunguka meza mbio, ananing'ata vifundo vya miguu, hasikii jina lake. Nilidhani nguvu zimembakia, nikawa namchezesha zaidi. Akazidi kung'ata.

Juzi nikaanza kuandika saa anazolala: 13 tu. Mtoto wa mbwa huhitaji kama 18 hadi 20 kwa siku. Kumbe alikuwa amechoka kupita kiasi, kama mtoto mchanga anayelia kwa usingizi. Sasa akikaa macho saa moja hivi namrudisha kitandani kwake, naweka giza kidogo. Siku ya tatu leo, na vifundo vyangu vimepona.

Miezi 4
Chanjo zimekamilika, tunatembea! Wafugaji wengi hufuata hesabu ya dakika 5 kwa kila mwezi wa umri, yaani kwake ni 20, mara mbili kwa siku. Naitumia kama kipimo cha matembezi ya kamba tu, siyo sheria. Kinachonishughulisha zaidi ni aina ya mwendo. Karibu na ncha za mifupa yake kuna gegedu laini ambako mfupa hurefukia, na kwa mbwa wakubwa gegedu hizo huweza kuchukua mwaka mmoja na zaidi kukomaa. Kuruka kutoka juu, kuteleza na kukimbia umbali mrefu kwa kasi moja ndiko ninakokuogopa.

Utafiti mmoja wa Norway ulifuatilia mbwa wa aina kubwa, Labrador na Newfoundland wakiwemo. Waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi 3 walipata zaidi ugonjwa wa nyonga. Walioachwa wazunguke nje bila kamba walipata kidogo. Kwa hiyo Jasiri nilimbeba kwenye ngazi tangu mwanzo, na sakafu inayoteleza nimeitandika mikeka. Kuzunguka nje kwa hiari yake simnyimi.

Miezi 5
Nimemuumiza. Jumamosi nilimrushia mpira karibu nusu saa. Alikuwa anakimbia shoti, anafunga breki, anageuka ghafla, analeta, anataka tena. Asubuhi akaamka anachechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nilikaa naye sakafuni, hata chai sikunywa.

Daktari wa mifugo alimkunja bega na kiwiko taratibu, akasema ni mkazo wa misuli. Siku 10 za kupumzika, kutoka nje kwa kamba fupi kwa haja tu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Akicheza peke yake, Jasiri hukimbia kidogo, hulala, hutafuna kijiti, huinuka tena. Anajipimia mwenyewe. Mpira unaorushwa humwondolea kipimo hicho: ataufuata hata mguu ukiuma. Sasa mpira nauficha kwenye majani, autafute kwa pua. Dakika nane za kunusa humchosha kuliko mbio zile, na analala fofofo.

Alipimwa pia uzito, kilo 19. Mbavu zinapapasika bila kubonyeza, na daktari anataka zibaki hivyo, maana kila kilo ya ziada hubebwa na viungo ambavyo havijakomaa.

Miezi 6 na nusu
Hachechemei tena. Asubuhi, jua halijawa kali, tunatoka kama nusu saa kwa kamba ya mita 5, na yeye ndiye anayechagua njia. Jana tulisimama kwenye kichaka kimoja hadi nikahesabu dakika sita. Akianza kubaki nyuma, au akiketi, tunageuza. Jioni ni matembezi mafupi na mafunzo: kaa, ngoja, njoo.

Mimi ni mkimbiaji, na ndoto yangu ni kukimbia naye. Nimeandika kwenye kalenda: akifikisha miezi 18, kwanza kwa daktari aangaliwe nyonga na viwiko, ndipo tuanze na kilomita moja.