Spana namba kumi na tatu

Jumapili ile, Machi 26, 2017, Waingereza walikuwa wanasherehekea Siku ya Mama, na usiku wake saa za nchi nzima zilikuwa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka. Kwa hivyo nilikuwa na usingizi, na nilikuwa na deni: sikuwa nimempigia mama simu Mombasa. Mzee wa gereji akaja kunichukua mlangoni.

"Leo huna pa kutorokea," akasema.

"Mzee" ni jina nililompa mimi. Nilimweleza maana yake naye akalipenda. Miaka mitatu alikuwa ananialika uwanja wa Wimbledon, hapa London, kutazama magari yakigongana, na miaka mitatu nilikuwa napiga chenga. Mimi ufundi nimejifunza Changamwe, mahali ambapo gari likifa injini yake huendelea kuishi ndani ya lingine, na milango yake ina wateja kabla haijang'olewa. Kwenda kutazama watu wakiponda magari yanayowaka vizuri? Ni kama kualikwa kutazama watu wakimwaga pilau.

Lakini usiku ule ulikuwa wa mwisho. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1928, ukawa pia wa mbio za mbwa, na mbwa walikuwa wamekimbia mbio zao za mwisho jana yake. Watu walijaa barabara ya Plough Lane kama wanaokwenda mazikoni, wazee wamevaa majaketi yenye beji kuukuu, watoto mabegani.

Nilianza kwa kukagua kazi ya wenzangu, tabia ya fundi. Vioo na taa vyote vimeng'olewa. Tangi la petroli limetolewa, mahali pake dogo limefungwa ndani kwa vyuma. Mlango wa dereva umeongezewa bamba. Nikakubali moyoni kwamba aliyechomelea ana mkono. Kisha bendera ya kijani ikashuka na Jaguar moja ya maana ikasukumwa ukutani hata boneti ikakunjika kama chapati. Nikajishika kichwa. Watu elfu kadhaa wakashangilia.

Hapo ndipo mama akapiga mwenyewe.

"Makelele gani hayo, mwanangu?"

"Magari yanagongana, mama."

"Subhanallah! Umeumia?"

"La, wanagongana kusudi. Ni mchezo."

"Kusudi." Akanyamaza. "Na wewe umelipa kutazama?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba ni mara ya mwisho, uwanja unavunjwa, patajengwa nyumba na uwanja wa mpira.

"Na hao wa magari wamepewa wapi?"

Nikamgeukia Mzee nikamtafsiria swali. Akacheka bila furaha, akaanza kuhesabu kwa vidole vilivyojaa grisi viwanja vya London vilivyokwisha kufungwa, na kilichojengwa mahali pake. New Cross, ambako mchezo huu ulianzia Uingereza Ijumaa Kuu ya 1954: bustani. Harringay: duka kubwa. Catford: nyumba. Walthamstow, iliyofungwa 2008: nyumba. Kidole cha tano akakiinamisha chini, tulipokuwa tumesimama.

"Mwambie mama yako hatukupewa pahali," akasema.

Sikuweza hata kuwachukia wa mpira. Klabu yao ya zamani ilihama mtaa huo mwaka 1991. Hiyo mpya mashabiki waliiunda wenyewe mwaka 2002, na walichotaka ni kurudi nyumbani. Walirudi mwaka 2020, na kando ya uwanja wao pana nyumba zaidi ya 600. Vijana wa gereji yetu hawana uwezo wa kununua hata moja, lakini hilo ni tatizo la London nzima.

Mbio zilipoisha hakuna aliyeondoka. Watu walikuwa wanabandua mabango, wanafungua vibao vya namba. Mzee akanivuta hadi kwenye benchi la safu za nyuma, alipokuwa akikaa na marehemu baba yake.

"Una spana?"

Namba kumi na tatu haikosi mfukoni mwangu. Nikapiga goti, Mzee akanimulikia kwa simu. Nati ilikuwa na kutu ya miaka. Nilipokaza mkono spana ikateleza, kona zikaliwa. Nikajaribu tena, nikachubuka kidole.

"Kesho nije na grinda," nikasema.

"Kesho ipi?" akasema Mzee, na akazima taa ya simu.