Kisasi na Suluhu: Nilivyofika Lango la Hebroni

Babu yangu alikuwa na shoka bovu. Akipasua kuni, sisi watoto tulikatazwa kusimama mbele yake, maana mpini ulikuwa umelegea na kila jioni aliliacha kwenye ndoo ya maji ili mti uvimbe. Siku moja shoka lilichomoka, likapita kando ya sikio la mjomba, likajikita kwenye udongo wa ukuta wa jiko. Mjomba alicheka. Babu hakucheka. Alikaa chini, mikono ikimtetemeka.

Nilimkumbuka babu nikiwa kwenye teksi ya kuchangia kutoka Bethlehemu kwenda Hebroni, Kumbukumbu la Torati ikiwa magotini. Sura ya 19 inatoa mfano huohuo: mtu ameenda msituni na mwenzake kukata kuni, chuma kinachomoka, mwenzake anakufa. Hakuua kwa chuki, lakini ndugu wa marehemu, damu imewachemka, hawatasubiri kuelezwa. Ndiyo maana ikatengwa miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani, na njia za kuiendea zikaagizwa zitengenezwe. Hebroni ni mmojawapo. Hata mgeni aliruhusiwa kukimbilia huko.

Dereva akaniuliza nimefuata nini. Kiarabu sijui, Kiingereza chake cha kuokoteza, basi nikasema tu: "Damu. Kisasi." Akageuka kunitazama mpaka nikaogopa tutaingia mtaroni. Nilisahau kwamba maneno hayo tuliyapata kwao. Kisha akaongeza lake, akitikisa kidole: "Sulha." Suluhu! Tukacheka wote wawili. Kwao hadi leo, mtu akiuawa, wazee wa koo huiendea familia iliyofiwa kuomba muda, damu isije ikamwagika tena.

Wazee hao ndio niliowasoma katika Yoshua 20. Mkimbizi anasimama langoni, anaeleza habari yake, wazee wanamsikiliza kabla ya kumpa mahali. Asipoonekana na hatia ya kukusudia, atakaa humo mpaka kuhani mkuu afe, ndipo arudi kwao. Aliyevizia na kuua hakuwa na pa kujificha, angetolewa. Hakuna aliyeuawa kwa neno la shahidi mmoja, na fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji ilikatazwa. Hapo kwenye fidia ndipo napapenda zaidi: tajiri hakuweza kulipia damu ya maskini akaenda zake.

Mjini nilipita kizuizi cha askari, chuma cha kuzunguka kikinigonga mgongoni, nikafika kwenye jengo kubwa la mawe juu ya makaburi ya Ibrahimu na Sara. Upande mmoja ni msikiti, mwingine sinagogi. Lilitengwa hivyo baada ya Februari 25, 1994, mlowezi wa Kiyahudi alipowapiga risasi Waislamu 29 waliokuwa kwenye swala ya alfajiri, Ramadhani. Na Agosti 1929 Wayahudi 67 waliuawa katika mji huuhuu. Wengine wengi walipona kwa sababu majirani zao Waarabu waliwaficha majumbani.

Jioni nilipanda Tel Rumeida, mahali pa Hebroni ya kale, nikakaa karibu na ukuta wa mawe makubwa nikasoma habari za Abneri, jemadari wa Sauli, katika 2 Samweli. Alimuua Asaheli vitani, tena baada ya kumwonya ageuke asimfuate. Daudi alikuwa amemruhusu aende zake kwa amani. Yoabu, ndugu yake Asaheli, akamrudisha kwa hila, akamvuta kando katikati ya lango la Hebroni kana kwamba ana neno la siri, akamchoma tumboni.

Katikati ya lango, pale pale ambapo wazee walipaswa kukaa. Nilirudia sura hiyo mara mbili nikiwatafuta. Pale langoni hawatajwi.