Alama za Chaki Kwenye Ukuta wa Stoo

Mwezi Julai 2003 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni mjini Dodoma, nikicheza mpira wa wavu na kuamini kwamba mruko hurefushwa hewani: ukishaondoka ardhini, ukakunja magoti haraka, utazidi kupanda. Mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa akitazama mazoezi yetu katika vumbi la upepo wa kipupwe, hakubishana nami. Alitoa chaki mfukoni, akaniongoza hadi kwenye ukuta wa stoo.

Nikiwa nimesimama wima, kidole changu chenye chaki kiligusa mita 2.05. Kwanza alinitaka nichuchumae nusu, nitulie sekunde tatu, mkono mmoja ukiwa mgongoni, ndipo niruke. Nikapata sentimita 31 juu ya alama ile. Kisha nilianza nikiwa nimesimama, nikajibonyeza chini upesi na kuruka papo hapo: 34. Mikono yote miwili ilipoachwa ibembee, nikafika 40.

"Sasa rudia, ila ukunje magoti."

Nilirudia mara tatu, kwa hasira kidogo, na kila mara chaki iligusa chini ya 40.

Darasani tulisoma kwa Kiingereza, lakini pale ukutani alisema Kiswahili, na nadhani ndiyo sababu nilielewa. "Ukishaachana na ardhi, binti, huna tena cha kusukuma. Njia ya kitovu cha uzito wako, yaani pale uzito wako wote unapojisawazisha, imeshapangwa. Ukiivuta miguu juu, kiwiliwili kinashuka kuilipia."

Akachukua kijiti, akapiga hesabu mavumbini: ili kitovu kile kipande sentimita 40, nilihitaji kuondoka kwa kasi ya mita 2.8 kwa sekunde, na safari nzima, kupanda na kushuka, ilichukua sekunde 0.57 tu. Nusu ya muda huo, alisema, huishia katika sentimita 10 za juu kabisa, na ndiyo maana mpigaji hodari huonekana kama ameganda juu ya wavu. Nilimuuliza mbona uzito wangu haumo. Akajibu kwamba umo kwenye miguu, ambayo lazima iisukume ardhi kwa kani inayouzidi kabla sijainuka.

Jioni ile ile, katika bloku yangu ya kwanza, yaani kuruka wavuni ili kuzuia mpira wa mpinzani, nilikunja magoti tena kwa mazoea, na mpira ukapita juu ya vidole vyangu.