M25.5 inaishia wapi, M17 inaanzia wapi: misimbo ya goti kwenye fomu ya bima

Daktari ameandika "maumivu ya goti", picha ya eksirei inaonyesha goti limesagika, na fomu ya bima imejazwa M25.5. Dai la namna hiyo lina walakini kabla hata halijatoka dirishani. Kwenye ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, M25.5 ni msimbo wa maumivu ya kiungo, yaani dalili tu. Mahali pake ni siku ya kwanza, mgonjwa anapoandikiwa picha na chanzo hakijajulikana. Majibu yakirudi na daktari akaandika osteoathraitisi ya goti (OA), yaani kusagika kwa kiungo, M25.5 inatoka na M17 inaingia. Usiziandike zote mbili kwa goti lile lile, kwa sababu maumivu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Ndani ya M17 kuna maswali mawili tu: chanzo ni nini, na ni goti moja au yote mawili? Daktari akiandika kwamba hakuna chanzo kingine, magoti yote mawili ni M17.0 na goti moja ni M17.1. Ugonjwa ukitokana na jeraha la zamani, yote mawili ni M17.2, moja ni M17.3. Sababu nyingine, kwa mfano goti lililoharibiwa na ugonjwa mwingine wa viungo, ni M17.4 kwa yote mawili na M17.5 kwa moja. M17.9 inabaki kwa daktari ambaye hakusema lolote kuhusu chanzo. Magoti yote mawili yakiwa na chanzo kimoja ni msimbo mmoja, usirudie mara mbili. Lakini kama la kulia liliwahi kuvunjika na la kushoto limesagika kwa umri, hapo unaandika miwili: M17.3 na M17.1.

Tatizo linalohitaji umakini kuliko yote linatoka kwenye simu. Ukitafuta msimbo wa goti mtandaoni, majibu mengi ni ya Marekani. Wao wana toleo lao, ICD-10-CM, ambalo limeongeza tarakimu za upande: M17.11 ni goti la kulia, M17.12 la kushoto, M25.561 maumivu ya goti la kulia, M25.562 la kushoto. Sisi Tanzania tunatumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, na humo M17 inaishia kwenye tarakimu moja baada ya nukta. M25.5 yenyewe inaruhusu tarakimu ya ziada ya sehemu ya mwili, na 6 ni mguu chini ya paja pamoja na goti, kwa hiyo M25.56 ni halali lakini haisemi kulia wala kushoto. Upande unaandikwa kwa maneno kwenye maelezo ya ugonjwa. Mhakiki wa bima akikuta M17.11 hataipata kwenye orodha yake, na dai litarudi hata kama matibabu yalikuwa sahihi kabisa. Mgonjwa hana kosa hapo, na anaweza kuambiwa alipe mfukoni.

Sasa bodaboda. Kijana aliyeanguka Barabara ya Kenyatta miaka kadhaa iliyopita, akavunjika mfupa wa ugoko karibu na goti, leo goti limesagika. Usiandike S82.1, huo ni mvunjiko mpya, na mhakiki atauliza POP (plasta ya kufunga mfupa) na picha za siku ya ajali ziko wapi. Andika M17.3, kisha T93.2 kuonyesha ni athari za mvunjiko wa zamani, na Y85.0 kwa kuwa ilikuwa ajali ya chombo cha moto. Ila historia hiyo lazima iwe kwenye faili. Anayeweka misimbo hana ruhusa ya kukisia.

Uzito nao unachanganya wengi. Mama muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba mwenye uzito mkubwa na magoti yote yamesagika hapati M17.4 kwa sababu ya uzito pekee. Ni M17.0, na E66.9 kama daktari ameandika unene uliopitiliza. Inakuwa M17.4 pale tu daktari mwenyewe anaposema ugonjwa umetokana na kitu kingine.

Si kila goti la Kanda ya Ziwa ni M17, jamani. Mtoto mwenye selimundu anayelia na goti wakati wa shambulio la maumivu ni D57.0. Goti lililovimba, la moto, lenye usaha linaenda M00, gauti ni M10, uvimbe wa maji nyuma ya goti ni M71.2. Kumbandika mmoja wa hawa M17 kunapotosha takwimu za hospitali na kunaweza kumfuata mgonjwa kwenye faili kwa miaka.

Kwa madaktari, ombi letu ni mstari mmoja tu kwenye faili: upande, chanzo, na picha imeonyesha nini. "OA goti la kulia, haina chanzo kingine, nafasi ya kiungo imepungua, vichomozo vya mfupa vipo" inatosha kuandika M17.1 bila kumpigia mtu simu. Daraja la Kellgren-Lawrence, kipimo cha 0 hadi 4 cha jinsi goti lilivyosagika kwenye picha, halibadilishi msimbo, lakini liandikwe: ndilo linaloeleza kwa nini mmoja amepelekwa fiziotherapia na mwingine kwa daktari bingwa wa upasuaji.

Mwisho, mahudhurio ya marudio. Mifumo mingi ya kompyuta huleta utambuzi wa safari iliyopita wenyewe. Mgonjwa aliyeanza na M25.5 mwezi uliopita anaendelea kuchomwa sindano ya goti chini ya M25.5, na mhakiki ana haki ya kuuliza sindano hiyo inatibu ugonjwa gani. Kabla ya kubofya hifadhi, soma majibu ya picha, kisha angalia pia kama umeandika sifuri au herufi O kwenye M17.0.