Mjane aliyemwendea-endea kadhi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Luka 18:1-8, mjane na kadhi dhalimu. Tumelisikia mara nyingi, na mahubiri yake huishia palepale: ombeni, msikate tamaa. Sawa, Luka mwenyewe ndivyo anavyofungua mstari wa kwanza. Ila safari hii nimekwama mahali. Yesu anataka kutufundisha kuomba, halafu anatupa mfano wa mama anayekwenda ofisini kwa mkubwa, anarudishwa, na kesho yuko tena mlangoni. Magoti hayatajwi kabisa. Biblia yetu inasema alikuwa "akimwendea-endea". Nalipenda neno hilo. Ukilitamka taratibu unasikia kandambili zikiburuzwa barabarani.

Mnaikumbuka Aprili ya 2024. Mto ulijaa, Rufiji na Kibiti wakalala majini, mashamba yakapotea. Tarehe 25 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini. Sisi tulichangisha. Nilikaa mlangoni na boksi. Mama mmoja alileta doti ya khanga mpya, haijakatwa wala kupindwa, akaiweka juu ya mifuko ya sembe. Akaichukua tena, akainusa, akairudisha. Tukaomba, tukapakia gari, likaondoka.

Tulifanya vema, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza mvua hizi zinaongezewa nguvu na nini, na nani wa kuambiwa. Tulisema ni El Niño, na kweli ilikuwepo. Ila hewa nayo imepata joto kwa gesijoto, yaani hewa chafu inayotoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyovichoma duniani, na kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo hauna pa kwenda ila kushuka.

Mwezi uleule, tarehe 9, wanawake wazee wa Uswisi walikuwa Strasbourg, Ufaransa, kusikiliza hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Chama chao kinaitwa KlimaSeniorinnen. Wako zaidi ya 2,000, na hupokei uanachama mpaka ufikishe umri wa kustaafu. Hoja yao ni nyepesi kuieleza: joto kali la kiangazi huua wazee, hasa wanawake, na serikali yao haipunguzi gesijoto kwa kiasi kinachotakiwa. Walianza 2016 kwa kuiandikia serikali. Wakakataliwa. Mwaka 2018 mahakama ikawaambia kwamba joto haliwaumizi wao peke yao. Mwaka 2020 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema muda bado upo. Hebu fikiria kumwambia bibi wa miaka 80 kwamba muda bado upo.

Wakaenda Strasbourg. Wanne kati yao walishtaki pia kwa majina yao binafsi, na mmoja alifariki kesi ikiendelea. Majaji walikuwa 17, na 16 wakakubali kwamba Uswisi imekiuka haki ya watu hao ya maisha binafsi na ya familia kwa kutofanya vya kutosha. Hapa ndipo mimi nilipoisoma hukumu mara mbili. Wale waliosimama kila mtu na jina lake, mahakama haikuyapokea malalamiko yao. Yaliyopokelewa ni ya chama. Bibi mmoja mmoja alirudishwa mlangoni, na wakiwa pamoja mlango uleule ukafunguka. Nikaikumbuka jumuiya yetu, tunavyokutana kila wiki, tunavyojuana hadi shida za nyumbani, na kwamba hatujawahi kuandika barua yoyote pamoja isipokuwa ya rambirambi.

Msidhani hadithi ikaishia kwenye makofi. Juni ileile Bunge la Uswisi lilitoa tamko kwamba nchi imeshafanya ya kutosha. Na wale mabibi wameendelea kudai hukumu itekelezwe. Wanaendea-endea.

Najua kuna ndugu atasema hiyo ni siasa, tuwaachie wenyewe. Mjane wa Luka hakuwa na chama cha siasa. Alisema "Nipatie haki na adui wangu", basi. Mwingine atasema sisi tunachafua kidogo mno, wakasumbuliwe wakubwa wa dunia. Hilo lina ukweli mwingi, na wakubwa wasumbuliwe kweli. Lakini serikali yetu yenyewe iliahidi mwaka 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali itakavyokuwa bila hatua yoyote. Kumkumbusha mtu ahadi yake si kumpiga vita. Tunamkumbusha Mungu ahadi zake kila asubuhi, naye hachukii.

Wanaojua Kigiriki wanatuambia kwamba pale kadhi anaposema "asije akanichosha", neno lenyewe ni la mabondia, kumpiga mtu ngumi chini ya jicho. Yule mkubwa asiyemcha Mungu wala kujali watu alimwogopa mama asiye na kitu. Nadhani wasikilizaji wa Yesu walicheka hapo.

Jumuiya yetu tumemwandikia mbunge kuuliza ahadi ile imefikia wapi kwa upande wa wilaya yetu: majiko ya kuni kwenye shule (zikiwemo za kanisa, tuseme ukweli), miti ya bondeni, na dampo linalochomwa usiku. Barua ya kwanza tuliambiwa "iacheni hapo", na miezi miwili imepita kimya. Ya pili iko tayari, imeandikwa kwa jina la jumuiya. Majina 31, na dole gumba la bibi yetu mmoja ambaye hakwenda shule na aliyetaka kidole chake kionekane vizuri, akakichovya wino mara mbili.

Tunaipeleka Jumanne. Anayetaka kusindikiza, tukutane kituo cha daladala saa 2 asubuhi. Tutaomba hapohapo kituoni kabla ya kupanda.