Siku moja na watu wanaoitafuta pumzi

Saa 12 asubuhi

Sijanawa uso, na tayari kuna ujumbe kwenye simu. Dada mmoja mwenye pumu ameandika: "Nimeamka saa 10 usiku kifua kimebana. Sasa nimepuliza kipimo, 290." Kipimo hicho huonyesha kasi ya hewa anayoitoa. Siku zake nzuri hupuliza 420, kwa hiyo yuko kwenye asilimia 69 ya kiwango chake bora, yaani eneo la njano, la tahadhari. Simwandikii, nampigia, kwa sababu sauti ya mtu inanieleza mengi kuliko namba. Anamaliza sentensi bila kukatika? Anamaliza. Basi dada yangu, vuta kwanza inhela ya kutuliza kama karatasi ya daktari wako inavyosema. Kisha kaa, egemeza viwiko mezani, legeza mabega, toa pumzi taratibu.

Utaratibu huo sibadilishi. Mirija iliyokaza hufunguliwa na dawa. Kupumua kwa utulivu kunamkinga asihangaike wakati dawa inafanya kazi yake.

Pumu hupenda saa hizo. Njia za hewa za kila binadamu husinyaa kidogo kuelekea alfajiri, ila kwa mwenye pumu husinyaa zaidi. Mtu anayeamshwa na kifua usiku pumu yake haijadhibitiwa, na namwambia leo hii aonane na daktari kuhusu dawa yake ya kuzuia, ile ya kila siku. Mazoezi yangu hayawezi kuziba pengo hilo.

Saa 2 asubuhi

Mimi ni mfiziotherapia, na kazi yangu ni vifua. Chumba changu kina kitanda kimoja, viti visivyo na magurudumu, kioo kirefu, oksimita ya kubana kidoleni inayopima oksijeni ya damu kwa asilimia, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Kabla ya kumgusa mgonjwa huwa namtazama akipumua bila yeye kujua namhesabia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akijua unahesabu, pumzi hubadilika palepale.

Saa 2 na nusu

Wa kwanza ni mzee aliyevuta sigara miaka mingi, sasa ana ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Ametembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na mabega yamepanda karibu na masikio.

"Mwanangu, hewa haiingii."

"Mzee wangu, hewa imejaa. Haitoki."

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila mgonjwa wa aina yake, kwa sababu bila kuelewa hili atajitesa. Mapafu yake yamepoteza ule mnyumbuko wa kuyarudisha yenyewe, na vijirija vidogo hulala na kujifunga wakati wa kutoa pumzi. Anapopumua haraka hakuna nafasi ya kuyamwaga, hewa ya zamani inabaki ndani, ya pili inarundikana juu yake, na kiwambo kilicho chini ya mapafu kinasukumwa mpaka kinalala bapa. Sasa avute nini, na kwa nafasi ipi? Ndiyo maana anavuta kwa nguvu zote na bado anahisi anazama. Karibu kila anayeingia chumbani kwangu anataka nimfundishe kuingiza hewa zaidi, na mimi sehemu kubwa ya siku nafundisha kuitoa.

Tunaanza. Avute kwa pua, hesabu ya mbili, bila kujaza. Kisha abane midomo, aache tundu dogo tu katikati, atoe hewa kwa hesabu ya nne, bila kusukuma kwa tumbo. Tundu hilo dogo linaacha shinikizo kidogo ndani ya njia za hewa, nazo zinabaki wazi muda mrefu zaidi. Baada ya dakika chache amepumua mara 18 kwa dakika badala ya 28, na mabega yameanza kushuka yenyewe.

Oksimita ilisoma 93 alipoingia, akashangaa kwamba si mbaya sana. Nimemweleza kwamba pumzi inaweza kumkata mtu ilhali oksijeni yake inatosha, kwa hiyo asikitumie kidude hicho kama hakimu wa anavyojisikia. Upande wa pili nao ni kweli: namba nzuri si sababu ya kupuuza mtu anayesema hawezi kupumua.

Jambo moja simfanyii, ingawa wengi hulipendekeza kwa kila mtu: simlazimishi kupumua kwa tumbo. Kwa mtu ambaye kiwambo chake kimeshalala bapa kiasi hiki, zoezi hilo linaweza kumwongezea kazi. Badala yake tumefanya ngazi. Atoe pumzi anapopanda, avute anaposimama. Pumzi itoke kwenye tendo gumu, iwe ni kuinuka kitini, kuinama kufunga kiatu au kunyanyua ndoo.

Saa 4 asubuhi

Binti wa chuo, amepimwa moyo, amepimwa damu, amepigwa picha ya kifua, vyote safi. Bado anapata kizunguzungu, ganzi vidoleni na kuzunguka mdomo, na kila baada ya muda mfupi anavuta pumzi ndefu ya ghafla. Nimempa dodoso la maswali 16 lililotungwa Nijmegen, Uholanzi. Alama za juu kabisa ni 64, na ukivuka 23 tunaanza kushuku kwamba mtu anapumua kupita kiasi. Yeye ana 34.

Anapumua kwa mdomo, kwa kifua cha juu, na nyingi mno. Anatoa hewa ukaa kuliko mwili unavyoitengeneza. Watu wengi wanaichukulia hewa ukaa kama taka tupu, lakini ikipungua sana damu hubadilika, mishipa ya ubongo husinyaa, na ndiyo kizunguzungu hicho. Tena Christian Bohr na wenzake walionyesha kule Copenhagen mwaka 1904 kwamba hewa ukaa ikipungua, damu huing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia mwilini. Hivyo binti huyu akipumua zaidi ili ajisikie vizuri anazidi kujisikia vibaya, anaogopa, anapumua zaidi tena.

Wote wanaompenda wamekuwa wakimwambia "vuta pumzi ndefu". Mimi nimemwomba apumue kidogo: mdomo umefungwa, mkono mmoja tumboni, pumzi ndogo isiyosikika, na mapumziko mafupi baada ya kutoa. Dakika ya pili akasema anatamani kupiga miayo. Ni kawaida, nikamwambia ameze mate, asubiri, tamaa ipite. Mwishoni ganzi ilikuwa imeisha, akalia kidogo kwa sababu kwa miezi alidhani ana ugonjwa wa moyo.

Wapo wanaoshauri kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi ili kuirudisha hewa ukaa, lakini nimemkataza kabisa. Mtu akikosea, kumbe tatizo ni pumu au moyo, mfuko unamnyima oksijeni anayoihitaji.

Saa 7 mchana

Nimekula kwa haraka, kisha baba wa mtoto mwenye pumu akaniomba dakika kumi. Amesikia kuhusu njia ya Buteyko na anataka kujua kama mwanawe anaweza kuacha inhela.

Namshukuru kila mzazi anayeuliza kabla ya kuacha. Konstantin Buteyko alikuwa daktari wa enzi za Umoja wa Kisovyeti. Miaka ya 1950 alianza kufundisha kwamba wenye pumu wanapumua kupita kiasi, na kwamba wapumue kwa pua, kidogo, kwa utulivu. Mengi ya mazoezi hayo nayatumia. Pua huipasha hewa joto, huipa unyevu na kuichuja, na mirija yenye hasira hufurahia hewa ya namna hiyo. Lakini madai kwamba pumu inapona kwa njia hiyo sikubaliani nayo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu wazima 655 wenye pumu. Waliofundishwa kupumua, ana kwa ana au kwa video, maisha yao ya kila siku yalikuwa na nafuu zaidi baada ya mwaka. Nguvu ya mapafu yao na uvimbe ndani ya mirija havikubadilika.

Baba alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo moto bado upo ndani?" Ndiyo, baba, na dawa ya kuzuia ndiyo inayoushughulikia. Mtoto atajifunza kupumua na ataendelea na dawa, vyote viwili.

Saa 8 mchana

Mama aliyewahi kuugua kifua kikuu. Alipona, vipimo viko safi, lakini ugonjwa uliacha mirija iliyotanuka ambamo makohozi hutuama. Kwake ndiko ninakoruhusu pumzi ndefu. Kwanza anapumua kwa utulivu. Kisha anavuta pumzi tatu au nne za kujaza mbavu, anashikilia kila moja sekunde tatu hivi ili hewa ipite nyuma ya makohozi. Anatulia tena. Halafu anafungua mdomo na koo na kusukuma "haa", kama anayetia ukungu kwenye kioo. Kukohoa kwa nguvu tangu mwanzo kunachosha na kufunga mirija. "Haa" inayapandisha makohozi mpaka kikohozi kimoja kinatosha. Leo yametoka mengi, na hayana damu. Nimemkumbusha kwamba akiona damu aende hospitali siku hiyohiyo.

Saa 10 jioni

Darasa la pamoja: kutembea, kuinuka kitini, uzito mwepesi. Kila mmoja ananitajia ugumu wa pumzi yake kwa kipimo cha Borg, kuanzia 0, hakuna ugumu, hadi 10, ugumu wa juu kabisa, nami nataka wakae kwenye 3 au 4. Kabla hawajaondoka narudia nisiyochoka kurudia: midomo kubadilika rangi, mbavu kuvutwa ndani, kushindwa kumaliza sentensi, au inhela ya kutuliza kutosaidia, hapo hakuna zoezi la kufanya. Ni hospitali, mara moja.

Saa 1 usiku

Ujumbe wa mjomba mwenye shinikizo la damu. Anapumua mara sita kwa dakika, dakika kumi kila jioni, na kipimo kimeshuka kidogo. Nimemjibu aendelee, vidonge asiviguse mpaka azungumze na daktari wake.

Wa mwisho ni mama anayetaka nimfundishe mwanawe kupumua kwa pua. Mtoto anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi, na kuna nyakati pumzi inasimama kisha anashtuka. Ningependa kumfundisha, lakini huwezi kumwambia mtoto afunge mdomo kama pua haipitishi hewa. Inawezekana ni nyama za pua. Nimemwomba ampeleke kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, na arekodi ukoromaji huo kwa simu usiku wa leo ili daktari asikie mwenyewe. Tutapanga mazoezi atakapokuwa na majibu.