Kifaru wa São Paulo Ndani ya Kosta ya Mtwara

Kosta ilitoka Lindi imejaa hadi mlangoni. Mnazi Mmoja, inapochepuka njia ya Masasi, wachuuzi wakatuzingira na korosho za kukaanga, na gumzo la bei ya korosho likaanza. Kutoka kwenye bei, kama ilivyo kawaida ya kusini, likahamia kwa wabunge. Mama mmoja akasema kwa uchungu kwamba safari hii kura yake angempa mbuzi wake, maana huyo akila, anatoa maziwa.

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mama, Brazili walifanya hivyo kweli."

Mwaka 1959 watu wa São Paulo, wamechoshwa na madiwani wao, walimpigia kura Cacareco, kifaru jike wa bustani ya wanyama. Akapata kura kama 100,000. Mwaka 1988 Rio de Janeiro nayo ikamwandika sokwe Tião kwenye kura za umeya, zikafika kama 400,000. Iliwezekana kwa sababu kura zilikuwa za karatasi, na mpiga kura aliweza kutia jina lolote. Mashine za kupigia kura zilipoingia, mlango huo ukafungwa.

"Na huku?" akauliza mzee aliyekaa ubavuni kwangu.

"Huku, babu, karatasi inakuja na picha za wagombea, wewe unaweka alama tu. Na Katiba, ibara ya 67, inataka mbunge awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika, na amependekezwa na chama."

Mzee akanyamaza kidogo. "Sasa mjukuu wangu, kifaru alipokosa kiti, kiti kile alikalia nani?"

Wagombea walewale, nikamjibu, kwani kura zake zilihesabiwa zimeharibika.

Hata hivyo nawaheshimu wale wapiga kura. Brazili kupiga kura ni lazima kisheria. Waliosukumwa kwenda kituoni walipata namna ya kusema, na hesabu ya hasira yao ikaandikwa. Kwetu hakuna anayelazimishwa. Aliyekasirika hubaki shambani kwake, na hasira yake haionekani kwenye fomu yoyote ya matokeo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kifaru.

Mama alishuka Mikindani. Akiwa mlangoni akasema mbuzi amwache zizini. Yeye atakwenda kwenye mkutano wa kampeni, asimame mbele, amuulize mgombea kuhusu malipo ya korosho.

"Uliza na pembejeo!" mzee akamwitia dirishani.